Mlango Ukifungwa, Uwanja Uwe Wazi



Leo ningependa tuulizane swali ambalo kwa mbali laonekana rahisi. Raia akiingia katika jengo la serikali, liwe ofisi, maktaba, mahakama au bunge, akapita lango la mbele kama watu wengine, kisha akakaa pale kulalamikia jambo linalomuumiza, je, ana haki ya kufanya hivyo? Na askari akija kumwambia atoke, je, askari huyo anailinda sheria au anaivunja?

Wapo watakaojibu upesi kwamba jengo ni la umma, na umma ni mimi na wewe, kwa hiyo hakuna wa kumfukuza mwenye mali katika nyumba yake. Wapo pia watakaosema kwamba ofisi ni mahali pa kazi, na mwenye kutaka kupiga kelele aende sokoni. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, na yote mawili yana hatari. Ili tuione hatari hiyo, natuanzie mbali kidogo, huko Marekani, ambako swali hili limefikishwa mbele ya majaji mara nyingi, na ambako mahakama moja, katika mwaka mmoja, ililijibu kwa njia mbili.

Kesi ya kwanza ilianza tarehe 7 Machi 1964 katika mji mdogo wa Clinton, jimbo la Louisiana. Siku zile watu weusi na weupe wa sehemu hizo walikuwa bado wakitenganishwa. Maktaba ya hapo ilikuwa na magari mawili ya kuzungusha vitabu. Gari jekundu liliwahudumia weupe, gari la buluu liliwahudumia weusi. Mweusi aliyejiandikisha kuazima vitabu, kadi yake ilipigwa muhuri wa kuonyesha rangi yake.

Siku hiyo vijana watano weusi waliingia ndani ya jengo la maktaba. Mmoja wao aliomba kitabu cha mwandishi Arna Bontemps kinachosimulia historia ya watu weusi. Mtunza maktaba alitazama, akasema hakipo, ila atakiagiza na kumjulisha kikifika. Vijana hawakuondoka. Mmoja aliketi kitini, wanne wakasimama karibu naye. Hawakuimba, hawakupiga kelele, hawakumtukana mtu. Waliambiwa watoke, wakabaki pale pale. Baada ya dakika kumi hivi au kumi na tano alifika sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, akawatia mbaroni. Mahakama ya huko iliwatia hatiani kwa kosa la kuvuruga amani. Aliyeomba kitabu alitozwa dola 150 na gharama za kesi, au afungwe siku 90. Wenzake walitozwa dola 35 kila mmoja na gharama, au siku 15 jela.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha vijana wale kilisikika hadi Washington. Mwezi Februari 1966, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu hiyo kwa kura za majaji watano dhidi ya wanne. Jaji Abe Fortas alieleza kwamba haki ya kulalamika haiishii mdomoni. Mtu anayesimama kimya mahali ambapo ana haki ya kuwapo, na kusimama kwake kukawa lawama, naye anasema, na maneno yake yanalindwa na katiba.

Sasa sikiliza kesi ya pili. Mwezi Septemba 1963, katika mji wa Tallahassee, jimbo la Florida, wanafunzi wapatao 200 wa Chuo Kikuu cha Florida A&M walitembea kwa miguu hadi jela ya wilaya. Wenzao walikuwa wamekamatwa siku iliyotangulia kwa kujaribu kuingia katika majumba ya sinema yaliyotengewa weupe. Walisimama katika kiwanja cha jela na kwenye njia ya magari yanayoleta wafungwa, wakaimba na kupiga makofi. Sherifu aliwapa muda wa kuondoka. Waliokataa walikamatwa, na 32 kati yao waliohukumiwa kwa kuingia mahali pasipo ruhusa walikata rufani hadi Washington.

Mwezi Novemba 1966, miezi tisa baada ya hukumu ya maktaba, majaji tisa wale wale waliamua tena kwa kura tano dhidi ya nne, lakini safari hii hatia ikabaki. Kilichobadilika ni kura ya mtu mmoja, Jaji Byron White, aliyehama kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Katika hukumu hiyo ya jela, Jaji Hugo Black aliandika kwamba serikali, kama mwenye mali mwingine yeyote, ina uwezo wa kuihifadhi mali iliyo mikononi mwake kwa matumizi iliyotengewa. Jela ni ya kuweka wafungwa, si ya mikutano. Jaji William Douglas alimpinga. Yeye alisema kwamba jela, kama vile bunge na mahakama, ni mojawapo ya makao ya serikali, na pale watu wanapoamini wenzao wamefungwa bila haki, hakuna mahali panapofaa zaidi kwa kulalamika.

Mpenzi msikilizaji, neno la Jaji Black kwamba serikali ni kama mwenye mali linahitaji kupimwa kwa makini. Mtu mwenye ploti yake anaweza kumkaribisha fulani na kumfungia lango fulani, hata kwa sababu tu kwamba hapendi maneno yake. Hiyo ni haki yake. Je, serikali nayo inaweza kufanya hivyo? La hasha. Waziri hakuijenga wizara kwa pesa za mfuko wake. Spika hakulinunua bunge. Mkuu wa polisi wa wilaya hakuirithi jela kutoka kwa baba yake. Hao wote wameshika ufunguo tu, na ufunguo huo ni amana.

Lakini amana ina pande mbili. Aliyekabidhiwa ufunguo wa ukumbi ana wajibu wa kuhakikisha ukumbi unafanya kazi iliyoufanya ujengwe. Mgonjwa aliye kwenye foleni ya hospitali ya serikali ni umma. Mjane anayefuatilia hati ya shamba la marehemu mumewe, ambaye ametoka kijijini alfajiri kwa nauli ya kukopa, naye ni umma. Mshtakiwa anayengoja kusikilizwa ili arudi kwa watoto wake ni umma pia. Mimi nikiingia katika jengo hilo na wenzangu hamsini, tukaziba mlango na kupiga ngoma hadi makarani wakakimbia, sikumkomoa waziri. Waziri ana mlango wa nyuma. Niliyemkomoa ni yule mjane.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza si kwamba jengo ni la nani, wala si kwamba mlalamikaji anasema nini. Kipimo ni kazi ya mahali penyewe. Je, anachokifanya mlalamikaji kinazuia kazi ya chumba kile, saa ile? Mahakama ya Juu ya Marekani ililieleza jambo hili waziwazi mwaka 1972, katika kesi iliyohusu kelele za waandamanaji karibu na shule. Ilisema swali ni kama namna ya kulalamika haipatani kabisa na shughuli za kawaida za mahali hapo kwa wakati huo. Wale vijana watano wa maktaba hawakumzuia mtu kusoma. Ndiyo maana walishinda.

Mfano mzuri zaidi ni wa kijana mmoja aliyeingia katika jengo la mahakama mjini Los Angeles mwezi Aprili 1968, wakati wa vita vya Vietnam. Alikuwa amevaa koti lililoandikwa neno la matusi dhidi ya sheria ya kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima. Koridoni walikuwapo wanawake na watoto. Alipofika kwenye chumba ambamo kesi zinasikilizwa, alilivua koti, akalikunja na kulishika mkononi. Alipotoka tena koridoni, polisi wakamkamata, na akahukumiwa kifungo cha siku 30. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ilifuta hatia hiyo, tena kwa kura tano dhidi ya nne.

Mimi sisifu matusi, na nisingependa mwanangu avae koti kama lile. Lakini tazama alivyofanya kijana yule. Jengo ni moja, ila alitambua kwamba lina vyumba viwili vyenye kazi mbili. Korido ni mapito ya watu, na anayechukizwa na koti anaweza kugeuza macho. Katika chumba cha mahakama kuna mtu ambaye uhuru wake unaamuliwa, na pale hata maneno mazuri hayafai kusemwa ila kwa zamu. Aliyeelewa mpaka huo, katika siku ile, alikuwa ni mlalamikaji na wala si polisi.

Sasa tusimdharau Jaji Black na hofu yake. Katika kesi ya maktaba alionya kwamba umati unaosukumwa na nia njema leo unaweza kugeuka kesho ukawa umati wa chuki na ghasia. Alikuwa mtu wa Alabama, na katika majimbo yale ya kusini historia ilikuwa imejaa habari za makundi ya weupe waliozingira mahakama na jela, wakidai mfungwa mweusi atolewe nje wamuue. Siku kama hizo, mlango uliofungwa na askari aliyesimama imara mbele yake ndio pekee waliomlinda mnyonge.

Hofu hiyo tuliishuhudia kwa macho yetu tarehe 6 Januari 2021. Maelfu ya watu waliizingira Bunge la Marekani mjini Washington, na wengi wakavunja madirisha na kuingia ndani ili kuzuia kuhesabiwa kwa kura za uchaguzi wa rais. Polisi walipigwa, wabunge wakakimbizwa, kazi ikasimama kwa saa kadhaa. Kazi yenyewe ilikuwa ni kuthibitisha kura za mamilioni ya wananchi. Hapo hatuwezi kusema watu walikuwa wakitumia uhuru wa kusema. Walikuwa wakiwanyang'anya wenzao sauti.

Hata hivyo, miaka minne baadaye, mwezi Januari 2025, Rais Donald Trump aliwasamehe watu karibu 1,500 walioshtakiwa kwa mambo ya siku ile. Wakati huo huo tukumbuke kwamba mwaka 2018 mamia ya watu walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge hilo hilo wakipinga uteuzi wa Jaji Brett Kavanaugh, na wengi wao walikuwa wameketi chini na kupaza sauti tu. Ninalotaka tulione ni hili: mpaka wa kulalamika ndani ya jengo la serikali ukitegemea mlalamikaji anamuunga mkono nani, hapo hakuna sheria tena. Kuna upendeleo uliovaa sare. Sheria itazame tendo: nani alivunja, nani alipiga, nani alizuia kazi. Isitazame bango limeandikwa nini.

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Serikali ikiwa na haki ya kumtoa mlalamikaji ndani ya chumba, basi ina wajibu wa kumwachia mahali pa kusimama nje. Nje penyewe pawe karibu kiasi cha aliye ndani kumwona na kumsikia. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza kesi iliyoihusu yenyewe. Sheria ilikuwa imekataza mabango katika jengo la mahakama hiyo na viwanja vyake vyote. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kwenye njia ya miguu iliyo mbele ya jengo, ameshika bango. Kwenye bango hakukuwa na tusi. Kulikuwa na maneno ya katiba ya nchi yake, yale yanayolinda uhuru wa kusema. Polisi walimwambia aondoke la sivyo atakamatwa. Majaji waliamua kwamba njia ile ya miguu ni sawa na njia nyingine yoyote ya mji, na kumwondoa pale ni kuvunja katiba. Mlango wa mahakama ulibaki na ulinzi wake, lakini njia ya mbele yake ikabaki wazi.

Mpenzi msikilizaji, huenda unasema hayo ni ya Wamarekani. Basi turudi nyumbani. Mwezi Februari 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Profesa Wangari Maathai, walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, wakampa ombi lao kwamba watoto wao waachiliwe. Hawakulala ofisini mwake. Hawakumzuia karani kufanya kazi. Walitoka, wakavuka hadi Uhuru Park, wakaketi kwenye nyasi wakifunga kula na kungoja jibu. Hivyo ndivyo tunavyoambiwa raia mwema afanye.

Walijibiwaje? Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Profesa Maathai alipoteza fahamu, akalazwa hospitalini. Baadhi ya kina mama walivua nguo mbele ya askari wa umri wa watoto wao, jambo ambalo kwa mila zetu ni laana. Kisha wakakimbilia Kanisa la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao walipotoka jela. Sasa ni nani anayeweza kuwaambia kina mama hao kwamba kosa lao lilikuwa ni mahali? Waliiacha ofisi, wakapigwa bustanini. Waliiacha bustani, wakaponea kanisani.

Kwa sababu ya machungu ya aina hiyo, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa mamlaka za umma, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lifanye kazi yake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Maneno hayo ni mazuri. Lakini tarehe 25 Juni 2024, wabunge walipopitisha Mswada wa Fedha, waandamanaji waliingia ndani ya majengo ya Bunge jijini Nairobi na sehemu yake ikawashwa moto. Watu waliuawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo.

Kuchoma Bunge hakukuwa na haki yoyote, na risasi zilizomwua kijana asiye na silaha zilikuwa na haki ndogo zaidi. Lakini kuna swali linalotangulia yote mawili. Ikiwa mswada uliweza kuachwa siku ya Jumatano baada ya vifo, ni kitu gani kilichozuia usikike ubaya wake mapema, wakati watu walikuwa wakipita barabarani mikono juu wakipeperusha bendera? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwaka uliofuata, 2025, ulipelekwa Bungeni mswada wa kuwazuia watu kukusanyika na kuandamana umbali wa mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo mengine ya ulinzi maalumu. Mita 100 ni kama urefu wa uwanja wa mpira. Mtu akisikia hivyo aweza kudhani si mbali. Lakini hebu utembee katikati ya Nairobi ukahesabu hatua. Bunge, Mahakama ya Juu, City Hall na ofisi za wizara ziko karibu karibu. Chora duara la mita 100 kuzunguka kila moja, kisha uniambie zimebaki barabara ngapi za kusimama. Na katika miji yetu midogo, ambako mahakama, ofisi ya kamishna na kituo cha polisi mara nyingi viko katika kiwanja kimoja, mlalamikaji atasimama wapi, shambani kwa mtu?

Hapo mpaka unakuwa si wa kulinda kazi ya chumba tena. Unakuwa wa kulinda masikio ya walio chumbani yasisumbuliwe. Na kwa kuwa uchungu wa watu haupungui kwa kusogezwa mbali, siku ukirudi utarudi kwa kishindo.

Kwa hiyo, kwa wenye kushika funguo, ningeshauri mambo matatu. Kanuni za kuingia na kukaa katika jengo ziandikwe na kubandikwa mahali zinaposomeka, si kutungwa papo hapo na askari wa zamu. Kanuni hizo ziwe moja kwa wanaoshangilia na kwa wanaozomea. Tena, anapotolewa mtu nje, awepo ofisa mwenye cheo wa kupokea maandishi yake, kuyatia muhuri na kumpa siku ya jibu.

Na kwa wenzangu tunaolalamika, nasema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Faili unayoichana ni ya jirani yako. Kesi unayoivuruga ni ya mnyonge mwenzako. Ingia, toa ombi lako, simama panapostahili, na ukiambiwa utoke kwa sababu kazi imezuiwa, toka. Ila ukiwa nje, katika njia ya umma, bila silaha na bila kumdhuru mtu, hapo usikubali kuambiwa kwamba bado uko karibu mno.